Barua ya wazi kwa wakubwa wetu wa huduma ya mkoba ya afya ya akili Kigoma: wataalamu mnao, watumieni

KWA: Viongozi wote mnaosimamia huduma ya mkoba ya afya ya akili mkoani Kigoma

YAH: WATAALAMU WALIOMO NDANI YA TIMU KUTOTUMIKA KWA FANI ZAO

Waheshimiwa viongozi wetu, shikamooni.

Naandika kwa heshima na naomba nisomwe hivo. Hii sio mara ya kwanza nalisema hili. Barua ya kwanza niliiandika peke yangu nikaipitisha kwa mfawidhi kama utaratibu unavyotaka, ya pili tuliandika watu wanne tukasaini wote, halafu tukaomba tuongee kwenye kikao cha robo mwaka tukaambiwa ajenda zimejaa tutawekwa kwenye mengineyo, na mengineyo yakafika saa kumi na mbili jioni watu wameshafunga mafaili wanatafuta funguo za pikipiki. Nikauliza kwenye grupu la watsapu la kazini, nikajibiwa mambo ya kiofisi hayajadiliwi kwenye grupu. Sawa, nikanyamaza. Sasa nimeona nikiendelea kunyamaza wanaoumia ni wagonjwa, ndo maana leo naongea mbele za watu. Sitaji kituo wala jina la mtu yeyote manake sitafuti kumuaibisha mtu, nataka kazi ibadilike. Na habari za wagonjwa nitakazosema humu nimezibadilisha vya kutosha ili hata jirani yake asimtambue.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nimesomea Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma, na mwaka wa kumi na moja huu nipo kwenye hii kazi.

Kwa wasomaji ambao hawajui, huduma ya mkoba ni ile ya sisi kutoka hospitali kuwafuata watu wenye magonjwa ya akili na kifafa hukohuko wanakoishi, kwa gari upande wa huku juu, na kwa boti vile vijiji vya mwambao wa ziwa ambavyo gari haliwezi kufika. Kwenye karatasi timu yetu ina tabibu aliyesomea afya ya akili, wauguzi wa afya ya akili wawili, afisa ustawi wa jamii, mtoa tiba kwa vitendo (yule anayemsaidia mgonjwa kurudi kwenye kazi na shughuli zake za kila siku), mwanasaikolojia, mteknolojia dawa na dereva. Watu nane. Ukiisoma hiyo karatasi unafurahi kabisa, na najua kuna wenzetu sehemu nyingine wangeitamani timu kama hii. Shida ni kwamba tukishashuka na kuweka meza chini ya mwembe wote tunageuka mtu mmoja. Huyu anaandika rejista, yule anahesabu vidonge, mwingine anapiga sindano, anayefuata, anayefuata, anayefuata, saa tisa tunafunga maboksi tunaondoka. Fani zote zile zimebaki kwenye barua za ajira.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mtoa tiba kwa vitendo anaandika rejista

Hili ntalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kuna kijana mmoja wa kijiji cha mwambao, ana skizofrenia, kwa muda mrefu tu amekuwa anapata sindano ya mwezi kwetu. Sauti zimepungua, hapigi mtu, halali porini tena, kwa hiyo kila tukienda tunaandika "anaendelea vizuri". Ila anaendelea vizuri maana yake nini, manake anaamka anakaa chini ya mti nyuma ya nyumba mpaka jua linazama. Kabla hajaugua alikuwa fundi wa kushona nyavu za dagaa, tena mama yake anasema watu walikuwa wanamletea nyavu kutoka kijiji cha pili.

Siku moja upepo ulichafuka ziwa likakataa, boti haikuweza kuondoka, tukalala hukohuko siku mbili. Mwenzetu wa tiba kwa vitendo alikuwa hana rejista ya kujaza akaomba kijana aletewe kipande cha wavu uliochanika. Sikuelewa anataka kufanya nini mpaka nilipokaa nikatazama. Hakumwambia shona. Alianza kushona yeye, vibaya, kijana akamwangalia, akamwangalia tena, mwisho akanyoosha mkono akamnyang'anya sindano ya wavu akamwonyesha. Tundu moja tu. Halafu akachoka akaacha, na mwenzangu hakumlazimisha, akasema kesho tutafanya mawili. Na hapohapo akaona kitu ambacho mimi na tabibu tulikuwa tumekipita miezi mingi, kwamba mikono ya yule kijana inatetemeka na vidole vimekakamaa, akasema huu sio uvivu na wala sio ugonjwa wake, hii ni sindano tunayompiga. Tukamwita tabibu akampima vizuri, dozi ikapunguzwa, akaongezewa Artane, dawa ya kutuliza huo mtetemo na kukakamaa. Safari mbili mbele mikono ikatulia.

Halafu mwenzetu akafanya kitu kingine ambacho mtu wa nje asingekiwaza. Watu wa Kigoma mnajua dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti dagaa kwa hiyo wavuvi wanakaa nchi kavu, na siku hizo ndo siku za kushona nyavu, pwani nzima watu wamekaa kwenye mchanga wanashona na kupiga stori. Akaomba ratiba ya kile kijiji isogezwe iangukie siku za mbalamwezi, ili yule kijana akae na wenzake kwenye nyavu mtaalamu wake akiwa pembeni. Tukafanya hivo mara tatu kimyakimya kwa kubadilishana siku na kijiji kingine. Mara ya tatu tulimkuta keshakaa na wenzake kabla hata boti yetu haijafunga, na tajiri mmoja wa boti alikuwa amempa wavu wake, kwa malipo.

Mama yake alilia. Mimi pia, sitaficha.

Ripoti ikarudi kutoka juu. Tukaulizwa kwa nini ratiba imebadilishwa bila kibali na kwa nini idadi ya wagonjwa walioonwa siku ile imeshuka. Kwenye fomu hakuna sehemu ya kuandika kwamba mtu amerudi kazini, kuna sehemu ya idadi ya sindano, vidonge, wapya na wa marudio, basi. Ratiba ikarudishwa Alhamisi ya pili ya kila mwezi, mwezi uwe umejaa usiwe umejaa, na mwenzetu akaambiwa ashike rejista kwa sababu ana mwandiko mzuri. Mtu kasoma chuo miaka anatumika kwa ajili ya mwandiko. Nilivyoenda mara ya mwisho kijana alikuwa amerudi palepale nyuma ya nyumba chini ya mti. Tumeandika anaendelea vizuri.

2. Mnaleta wawezeshaji kutoka mbali kufundisha vitu ambavyo watu wenu wanavijua

Mwaka 2015 Warundi walipoanza kukimbia kwao walifurika Kagunga, kale kakijiji kaliko kati ya mlima na ziwa, maelfu kwa maelfu hawana pa kukanyaga, kipindupindu kikaingia, MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini, wanapokelewa uwanja wa Lake Tanganyika halafu wanapelekwa Nyarugusu, na baadae Nduta na Mtendeli. Mwanasaikolojia wetu alikuwepo. Alianza kama kijana wa kujitolea pale uwanjani na akaendelea makambini miaka, akisikiliza watu waliopoteza watoto njiani. Ni Muha, na Kiha na Kirundi watu wanasikilizana bila mkalimani. Sijui mafunzo gani ya kiwewe yanaweza kuzidi hayo.

Sasa huyohuyo alikaa kwenye semina ya siku tatu, hoteli yenye viti vya kitambaa cheupe, akifundishwa namna ya kuongea na mtu aliyepatwa na kiwewe, na aliyefundisha alitoka Dar kwa ndege. Simlaumu mwezeshaji, alikuwa mtu mwema sana na siku ya pili mwenyewe aliuliza kwa nini huyu dada asifundishe yeye. Alikuwa na dodoso lake la maswali, swali la kwanza linauliza kama katika wiki mbili zilizopita umejisikia huzuni. Dada akanyoosha mkono akasema kwa adabu kabisa kwamba bibi wa huku kijijini ukimuuliza huzuni atakujibu hapana, sababu kwake huzuni ni msiba, ila mwambie usiku unalalaje na kichwa kinakuaje, hapo utasikia mawazo yamezidi, kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, chakula hakipiti, na hapo ndo mnaanza kuongea. Ukumbi mzima uliandika. Posho ya uwezeshaji hakupewa, alisaini ya mshiriki.

Baada ya semina karudi kwenye mkoba, kazi yake ni kuita majina.

3. Wauguzi wa afya ya akili tunachomolewa

Ikija kampeni ya chanjo tunachomolewa, ikipungua zamu leba tunachomolewa, kwenye mkoba anawekwa yeyote aliyepo. Nawaheshimu wauguzi wenzangu wote, mimi mwenyewe nikipelekwa leba nahitaji kushikwa mkono. Ila kila kitu kina mwenyewe.

Mwaka jana binti wa miaka kumi na saba aliugua ghafla, anaongea peke yake, halali, wakamleta siku ya mkoba akaanzishiwa haloperidoli. Hakuna aliyewaeleza wazazi kwamba dawa hii, hasa kwa vijana na hasa siku za mwanzo, inaweza kukaza misuli ghafla, shingo ikapinda, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka. Inatisha kuiona lakini ikipata dawa yake inaachia haraka. Muuguzi wa afya ya akili asingemruhusu yule mama kuondoka bila kumwambia, na angempa vile vidonge vya Artane mkononi. Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye chanjo na mwenzangu alikuwa likizo. Siku ya tatu shingo ikapinda. Nyumbani wakasema majini yamepanda, wakamkimbiza kwa mganga, na dawa za hospitali zikatupwa chooni kwa sababu kwa macho yao hizo dawa ndo zilizoita majini. Na kwa alichokiona yule mama, nani atambishia. Ilituchukua karibu mwaka mzima kumrudisha.

4. Mteknolojia dawa akisema anaambiwa toa dawa tu

Hili fupi. Aliona kwenye orodha wasichana wawili wa kifafa wamepangiwa valproeti, na dawa hiyo inajulikana wazi inavyoharibu mtoto akiwa tumboni, akauliza kama kuna aliyewauliza habari za ujauzito au uzazi wa mpango. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Akajibiwa yeye kazi yake ni kutoa dawa. Mmoja wa wale wasichana alikuwa mjamzito. Sitaendelea.

5. Ustawi wa jamii anaitwa kwenye picha

Tulimkuta mwanaume amefungwa mnyororo kwenye nguzo ya jiko. Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu mwaka 2008 na hakuna hata mmoja kati yetu anayeutetea mnyororo. Lakini afisa ustawi wetu kitu cha kwanza hakuuliza mnyororo, alimsalimia yule mama mzee, akakaa nae kwenye kigoda akamuuliza yeye anakula saa ngapi na nani anamsaidia kuchota maji. Katika kuongea ndo ikajulikana kwamba yule mtoto wake wakati amezidiwa alichoma nyumba ya jirani, na majirani walishaapa wakimwona barabarani watammaliza. Kwa hiyo ule mnyororo kwa mama ulikuwa ni ulinzi. Afisa akasema naomba wiki mbili, nikae na mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji na yule jirani aliyechomewa, tuelewane, halafu tufungue na dawa zikiwa zimeshashika.

Maelekezo yaliyokuja ni afunguliwe leo, apigwe sindano, ipigwe picha ya kabla na baada. Picha ikapigwa, na afisa ustawi yumo kwenye picha. Tuliporudi mwezi uliofuata mnyororo ulikuwepo, na kufuli jipya kubwa kuliko la kwanza. Jirani alikuwa amekuja na panga usiku uleule.

Waheshimiwa, haya matano yana mzizi mmoja, hatukai chini kama timu. Hatukutani kabla ya safari tukasema fulani anahitaji nani, na tukirudi hatukutani, ripoti inaandikwa na mtu ambaye hakwenda. Kama tungekuwa na nusu saa tu, mteknolojia dawa angesema habari ya valproeti mbele ya tabibu, na afisa ustawi angesema habari ya jirani kabla kufuli halijafunguliwa.

Sasa najua mtanijibu nini, manake majibu mengine tumeshayasikia.

Mtasema wagonjwa ni wengi hakuna muda wa kila mtu kufanya fani yake. Ni wengi kweli. Lakini sio kila mgonjwa anahitaji watu wote, wengi wao wa kifafa waliotulia wanahitaji dawa, neno moja na tarehe ya kurudi, wanaweza kupita haraka mbele ya muuguzi mmoja na mteknolojia dawa. Wachache ndo wanahitaji mwanasaikolojia au tiba kwa vitendo au ustawi, na hao wachache ndo wanaotulaza macho, ndo wanaopelekwa rufaa Mirembe, safari ambayo ndugu wanauza mbuzi ili kuilipia. Mtu mmoja aliyerudi kwenye nyavu zake hatuhangaiki nae tena kila mwezi.

Mtasema siku hizi kuna mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani na kila mtumishi anaweza kutibu afya ya akili. Huo mwongozo naujua, nimeusomea na nimeufundisha. Uliandikwa kwa ajili ya watumishi wasio wataalamu wa afya ya akili kule zahanati na vituo vya afya, toleo la kwanza likatoka 2010, na wenyewe unataka hao watumishi wawe na mtaalamu wa kuwasimamia na kuwapokea wakikwama. Mahali popote haukusema mtaalamu aliyepo aache utaalamu wake. Sisi ndo tulipaswa kuwa hao wa kukimbiliwa wakikwama. Mmeugeuza ukawa sababu ya kutusawazisha wote kama unga kwenye kibaba.

Mtasema pesa za mradi zina masharti yake na fungu la wawezeshaji limeandikwa wawezeshaji wa kitaifa. Inawezekana. Lakini maombi ya mradi mnaandika nyie, na sijawahi kusikia mfadhili anayekataa kuambiwa kwamba mtu mwenye ujuzi huo tunae hapahapa na gharama itapungua. Na naomba nisieleweke vibaya, hatufukuzi mtu wa nje. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili kwenye timu yetu hatuna, tunamhitaji sana, awe Muhimbili awe Mirembe, hata kwa simu mara moja kwa wiki tumsomee wagonjwa waliotushinda. Pesa ya ile hoteli ingelipa vocha nyingi sana. Kitu ambacho hatuna tuleteeni, ambacho tunacho msituletee.

Na kuna jibu moja ambalo halisemwi wazi ila tunalisikia kwenye korido, kwamba nabii hakubaliki kwao, kwamba watumishi hawatamsikiliza mtu wanaekula nae chai kila siku. Kama ni hivo basi anzeni nyie kumsikiliza, wengine watafuata.

Nimesoma habari za Madison, jimbo la Wisconsin huko Marekani, miaka ya 1970. Wataalamu wa afya ya akili wa huko, Leonard Stein, Mary Ann Test na wenzao, waliona wagonjwa wanaruhusiwa kutoka hospitali na baada ya muda mfupi wanarudi tena, wakarudi tena. Hawakuajiri kikosi kipya cha watu wa ajabu. Waliwachukua watumishi wa wodi ileile wakawatoa nje, wakawa wanawafuata watu majumbani, sokoni, kazini, wanawafundisha kupika na kupanda basi na kushika kazi palepale wanapoishi. Mgonjwa ni wa timu nzima, timu inakutana kila siku, kila fani inaleta chake. Walichapisha matokeo yao mwaka 1980 na mpaka leo nchi nyingi zinaiga. Na tusiseme ni mambo ya Wazungu tu, hapa kwetu miaka ya 1980 programu ya taifa ya afya ya akili ilianzia Morogoro na Kilimanjaro, ikapeleka huduma mpaka zahanati kwa kutumia watumishi waliokuwepo. Kwa hiyo hatuombi kitu ambacho nchi hii haijawahi kukijaribu.

Tunachoomba ni hiki:

Kwanza, kila safari ya mkoba iwe na meza ya haraka kwa waliotulia, na wataalamu wengine waachiwe wagonjwa waliopangiwa. Rejista ishikwe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji husika akilipwa posho yake, wengi wao wanaandika vizuri na wanawajua watu kwa majina.

Pili, nusu saa ya kikao kabla ya safari na nusu saa baada ya kurudi, timu nzima, dereva akiwemo, kwa sababu dereva wetu anasikia mengi kule nje kwenye gari kuliko sisi kwenye meza. Ripoti iandikwe na waliokwenda, na iongezwe sehemu ya kuandika mtu amerudi kufanya nini maishani mwake. Mkisema fomu ya juu haibadiliki basi turuhusuni kuambatanisha karatasi moja nyuma.

Tatu, kabla semina haijapangwa ulizeni kwanza ndani. Sisi wenyewe tumeshaandaa orodha ya nani kasomea nini, kafanya kazi wapi na anaongea lugha gani, ipo, tuliiambatanisha kwenye ile barua ya pili. Na mtu wa ndani akifundisha alipwe kama ambavyo angelipwa wa nje.

Nne, siku za mkoba wauguzi wa afya ya akili tusichomolewe. Kama ni dharura kweli safari iahirishwe na wanakijiji wapigiwe simu, ni bora kuliko kumpa mtu dawa bila maelezo.

Tano, mteknolojia dawa akiuliza swali kuhusu dawa lijibiwe kabla dawa haijatoka dirishani. Na kazi ya afisa ustawi iheshimiwe na muda wake, wiki mbili alizoomba sio uzembe.

Ya mwisho ni ndogo na haina gharama yoyote: vijiji vya mwambao ratiba yake ifuate mbalamwezi. Kalenda ipo, mwenzetu wa tiba kwa vitendo keshaipanga mpaka mwisho wa mwaka na nakala ninayo kwenye begi langu.

Ratiba ya mwezi ujao inapangwa wiki ya mwisho ya mwezi huu. Tunaomba mtuite kabla ya hapo, siku yoyote na saa yoyote mtakayopanga, tutakuja wote wanane.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa afya ya akili, timu ya mkoba,
Kigoma